Hakimu Mpiga Magoti

Hapo zamani za kale, enzi ambazo wanyama walikuwa na nyumba, na wenye nyumba walikuwa na majirani, na penye majirani hapakosi kesi. Tulieni basi! Wewe unayetafuna muhogo, funga mdomo utafune, maana hadithi hii inanichosha mimi kabla hata sijaianza.

Alikuwapo mama mmoja, Bi Nguchiro. Mdogo wa mwili, mwepesi wa miguu, na mdomo wake, ah, mdomo ule haukujua kupumzika. Alikuwa na watoto sita na nyumba moja. Nyumba yenyewe ilikuwa kichuguu cha zamani kilichohamwa na mchwa. Alikikuta kimebomoka, akakichimba kwa kucha zake, akakifagia, akatengeneza vyumba vinne na mlango mmoja unaotazama macheo.

Siku moja akatoka na wanawe kwenda kutafuta kumbikumbi. Kurudi, lahaula! Mlango umejaa uso. Uso mpana, una vinundu kila upande, na meno mawili yamechomoza yakajikunja. Alikuwa ni Ngiri.

"Karibuni," Ngiri akasema.

"Karibuni wapi? Hiyo nyumba yangu!"

"Nimeikuta wazi. Nyumba iliyo wazi ni ya mwenye kuingia."

"Nilikuwa nimetoka kuwatafutia watoto chakula!"

"Ndiyo hivyo ninavyosema. Ulitoka."

Sasa jueni jambo hili, maana mbele tutalihitaji. Ngiri haingii shimoni kwa kichwa. Hugeuka, akatanguliza makalio, akarudi nyuma polepole, rudi, rudi, rudi, mpaka mwili wote umeingia na uso umebaki mlangoni. Ukimwendea, unakutana na meno. Bi Nguchiro alikizunguka kichuguu mara saba akitukana matusi ambayo sitayasema mbele yenu. Kisha akafanya anachofanya mwananchi mwema. Akaenda mahakamani.

Mahakama ya wanyama ilikuwa jiwe pana, jeusi, katikati ya uwanja, nalo liliitwa Jiwe la Haki. Hakimu alikuwa Kobe. Kobe akamsikiliza, akaitikia kwa kichwa, akasema, "Njoo Jumatatu." Jumamosi Kobe akafa.

Basi Bi Nguchiro akamwendea karani wa mahakama, Korongo. Huyu Korongo alikuwa mrefu wa miguu, mrefu wa shingo, na neno lake lilikuwa moja tu: utaratibu.

"Karani, kesi yangu vipi?"

"Hakimu hayupo."

"Najua hayupo, nilikuwa mazikoni! Atakuja lini mwingine?"

"Atachaguliwa."

"Lini?"

"Utaratibu ukikamilika."

Mwezi ukapita. Wa pili ukapita. Wa tatu huo. Bi Nguchiro na watoto wake sita wanalala chini ya kichaka cha miiba, na mwewe ameshawajua. Kila asubuhi anapita juu, vuu! Rafiki yao Hondohondo, ndege mwenye mdomo mkubwa, hukaa tawini akawalinda, akimwona mwewe hulia, "Kwaa! Kwaa!" Lakini hata Hondohondo husinzia. Juzi mwewe alishuka akang'oa manyoya ya mkia wa kitinda mimba. Na mawingu ya masika nayo yakaanza kujipanga, meusi tii. Mvua ikianza kabla ya nyumba kurudi, maji yatawabeba watoto. Basi. Hilo ndilo lililokuwa likimnyima mama wa watu usingizi.

Siku moja ngoma ya mbiu ikalia. Uchaguzi wa hakimu! Bi Nguchiro akaruka kwa furaha, alhamdulillahi, mpaka alipowasikia wagombea. Wa kwanza Bi Nungunungu. Wa pili Ngiri.

Alifika kwa Korongo akihema.

"Karani! Ngiri hawezi kugombea. Ana kesi!"

"Kuna hakimu aliyemtia hatiani?"

"Hakuna hakimu! Hakimu kafa!"

"Basi hana hatia. Ni mnyama safi."

"Sasa kesi yangu itasikilizwa na nani?"

"Na hakimu mpya."

"Akichaguliwa Ngiri?"

"Ataisikiliza Ngiri."

"Kesi ya Ngiri?"

"Mama," Korongo akasema, akakunja mguu mmoja, "mimi sikutunga utaratibu. Mimi nausimamia tu."

Bi Nguchiro alitaka kumng'ata mguu ule uliobaki chini. Akajizuia. Nampongeza, mimi nisingeweza.

Mkutano wa kampeni ukafanyika. Wanyama wakajaa uwanjani. Nyumbu walikuja wengi kuliko wote, maana Nyumbu wakiona watu wanaelekea mahali huenda kwanza, wakauliza baadaye.

Ngiri akapanda juu ya kichuguu kidogo. "Ndugu zangu! Mnataka hakimu mwenye uzoefu au asiye na uzoefu?"

"Mwenye uzoefuuu!"

"Mimi nimesimama mahakamani mara arobaini na moja! Nani mwingine hapa amesimama mara arobaini na moja?"

"Hakunaaa!"

"Alisimama kama mshtakiwa!" Bi Nguchiro akapiga kelele. "Mihogo ya Kanga! Viazi vya Sungura! Arobaini na moja zote alishtakiwa yeye!"

Nyumbu mmoja akauliza, "Ni kweli, Mheshimiwa?"

Angalieni, tayari ameshaitwa mheshimiwa.

Ngiri akacheka. "Ni kweli tupu. Nani anaujua mto kuliko aliyewahi kuzama? Mimi mahakama naijua kwa ndani. Najua mshtakiwa anavyotetemeka. Najua mashahidi wanavyosahau. Najua hata Kobe alikuwa anasinzia saa ngapi!"

"Ana uzoefu huyu!" Makofi, pa pa pa pa!

"Na unyenyekevu je? Nani mwingine kati yenu anakula amepiga magoti?" Hapo hapo akaanguka kwa magoti ya mbele, akakwanyua majani, akatafuna macho yamefumbwa.

"Aaah," umati ukaguna kwa kuguswa. Swala mmoja akajifuta machozi.

"Shingo yake fupi, jamani!" Bi Nguchiro akalia. "Ngiri wote wanapiga magoti! Anakula! Haombi, anakula!"

"Mama, usituharibie mkutano," akaambiwa.

Ikawa zamu ya Bi Nungunungu. Akaja polepole, miiba yake ikisuguana, chakacha, chakacha. Hakupanda popote.

"Nilikaa kando ya Hakimu Kobe misimu kumi na miwili," akasema kwa sauti ya chini. "Nilisikiliza kila kesi. Alipoanza kuugua aliniachia kesi za mipaka. Nimeamua tisa. Katika hizo tisa, mbili nilikosea. Niliwarudia wenyewe, nikawaambia nimekosea, tukarekebisha."

"Amekosea mbili!" Nyumbu wakanong'onezana. "Kasema mwenyewe! Ngiri amekosea ngapi?"

"Hata moja!"

"Kwa sababu hajaamua hata moja!" Bi Nguchiro akapiga kichwa chini, pu! "Enyi viumbe, mnasikia mnachosema?"

Hawakusikia. Walikuwa wanamwangalia Ngiri akipiga magoti tena.

Jioni ile Bi Nguchiro akamwendea Bi Nungunungu shimoni kwake.

"Shoga, nisaidie. Huyu fedhuli akishinda, nyumba yangu imekwenda na maji. Nifanyeje?"

"Siwezi kukushauri, Bi Nguchiro."

"Kwa nini?"

"Huenda nikawa hakimu. Kesi yako italetwa kwangu. Nikikushauri leo, nitakuhukumu vipi kesho?"

"Ebo! Hata wewe?" Bi Nguchiro akashika kiuno. "Yule anaiba nyumba na anataka kujihukumu, wewe mwema unakataa hata kuninong'oneza! Mimi nimezaliwa mwaka gani?"

"Ukiwa na swali la utaratibu, nitajibu. Utaratibu ni wa kila mtu, hata Ngiri akiuliza nitamjibu."

Macho madogo ya Bi Nguchiro yakaanza kucheza.

"Haya. Siku ya uchaguzi inakuwaje?"

"Kila mgombea anasimama juu ya Jiwe la Haki na kuamua kesi moja mbele ya watu. Ndipo watu wanapiga mlolongo: kila mmoja anasimama nyuma ya mtu wake. Mlolongo mrefu ndio unaoshinda."

"Na ile kesi anayoiamua, ni mchezo wa kampeni au ni hukumu?"

"Jiwe halijui kampeni. Neno likisemwa juu yake na karani akapiga ngoma, ni hukumu."

"Akitaka kulirudisha?"

"Neno la Jiwe halimezwi. Anayelimeza, halikalii Jiwe tena maisha yake."

"Ahaa," akasema Bi Nguchiro. "Haya, lala salama."

"Kumbuka sikukushauri."

"Hujanishauri hata kidogo! Ungenishauri nisingekuwa na hasira hivi!"

Kesho yake asubuhi, Bi Nguchiro akaenda mpaka mlangoni pa nyumba yake mwenyewe, akapiga hodi. Hodi kwenye nyumba yake!

"Hodi, Mheshimiwa."

Uso wa Ngiri ukatokeza, na nyuma yake mkewe na watoto wao wanne aliowahamishia humo. "Umekuja kutukana?"

"Nimechoka kutukana. Nimekuja kusalimu amri. Mimi ni mdogo, wewe ni mkubwa. Kesho nitasimama nyuma yako."

"Hee! Wewe?"

"Mimi. Lakini Mheshimiwa, nina hofu. Nimezunguka, nimesikiliza. Kuna wanaosema eti hata wa nyumbani kwako hawatakuja. 'Ngiri gani huyo, mkewe mwenyewe hamtaki!' Ndivyo wanavyosema."

"Nani kasema?" Ngiri akatoa nusu ya mwili.

"Midomo ya watu, baba. Mlolongo ni mlolongo. Mke ni kura. Watoto wanne ni kura nne. Wakionekana wamejipanga nyuma yako, wote na mikia juu, nani atathubutu kusema tena?"

Ngiri akafikiri. Kufikiri kwake kulichukua muda, basi akapiga magoti akala kidogo.

"Na nyumba niiache na nani?"

"Nyumba ya hakimu?" Bi Nguchiro akajifanya kushangaa. "Aiguse nani? Si jina lako tu linatosha kuilinda?"

Jina! Lo, mpe mkubwa sifa atakupa hata funguo. Ngiri akatikisa masharubu. "Kweli. Mke wangu! Kesho tunatoka wote. Waoshe watoto."

Bi Nguchiro aliondoka kwa adabu, kinyumenyume, mpaka alipofika nyuma ya nyasi ndefu. Hapo akatimua mbio hadi kichakani. Akawaita watoto wake sita na Hondohondo, akawanong'oneza. Sisemi alichowanong'oneza. Mtakiona.

Siku ikafika. Mawingu yalikuwa yameshuka mpaka karibu na miti, na radi inanguruma mbali, gududududu. Wanyama wakajaa uwanjani. Kutoka kwenye Jiwe la Haki unakiona vizuri kichuguu cha Bi Nguchiro, ni mwendo wa kutupa jiwe mara tatu hivi. Ngiri akaja na mkewe na watoto wao wanne, wameoshwa wanang'aa, mikia juu.

Wa kwanza kupanda Jiwe akawa Bi Nungunungu. Kwale na Panya wakaja wakigombania mahali pa kuchakura.

"Nina undugu na mmoja wenu?" akauliza.

"Hapana."

"Mmoja wenu aliwahi kunipa kitu?"

"Hapana."

"Kwale, sema. Panya, subiri, zamu yako inakuja. Nani mwingine alikuwapo? Aitwe."

Jambo likaenda hivyo, swali, jibu, swali, jibu. Nyumbu wakapiga miayo. "Huyu hajui kesi, mbona anauliza sana?" Mwisho akawagawia: Kwale asubuhi, Panya jioni, na wote wawili wakaondoka wanaongea vizuri. Hakuna aliyepiga makofi. Haki haina kelele, ndugu zangu, na hilo ndilo linalonikera.

Ngiri akarukia Jiwe, puu! "Nani ana kesi? Kesi yoyote! Kubwa!"

Wakati huo huo, kutoka mtini upande wa kichuguu, Hondohondo akalia, "Kwaa! Kwaa! Kwaa!" Mara tatu. Hakuna aliyejali isipokuwa mmoja.

"Mimi hapa!" Bi Nguchiro akajitupa mbele akilia kwa kwikwi. "Mheshimiwa! Nina kesi ya nyumba! Nilitoka kidogo, kurudi nikakuta mtu ameingia!"

Uwanja mzima ukavuta pumzi, hii! Kila mtu alijua ni nyumba ipi na aliyeingia ni nani.

Bi Nungunungu akasimamisha miiba, chakacha! "Karani, mtu hawezi kuhukumu..."

"Mgombea asimwingilie mgombea mwenzake," Korongo akamkata. "Utaratibu!"

"Lakini ni kesi yake mwenyewe!"

"Utaratibu haukatazi. Nimeutazama."

Ngiri akavimba kichwa. "Mwacheni mama alete kesi! Nani anaijua kesi hii kuliko mimi? Nyumba yenyewe naishi ndani yake! Uzoefu gani tena mnataka?"

"Kweli!" Nyumbu wakaitikia. "Anaijua!"

Naapa walisema hivyo. Bi Nguchiro alijisikia kupiga yowe la kweli, akalimeza, akaendelea na kilio cha uongo.

"Mheshimiwa, mimi mjinga, nieleweshe polepole. Nyumba ni ya nani? Ni ya aliyeichimba?"

"La! Kuchimba kila mtu anachimba."

"Ni ya aliyetoka akasema anarudi?"

"La! Aliyetoka ametoka."

"Basi ni ya nani?"

Ngiri akatabasamu, meno yote nje. Huyu mama leo kajiingiza mwenyewe kwenye mtego, ndivyo alivyowaza. Neno moja tu, na nyumba ni yake mpaka wajukuu.

"Nyumba ni ya aliyemo ndani!"

"Hata kama mwenzake ametoka kwa muda mfupi tu?"

"Hata kama ametoka kupiga chafya!"

"Hata kama aliyetoka ni mkubwa, mwenye nguvu, mwenye meno?"

"Sheria haitazami meno!"

"Lo, maneno hayo!" Swala akalia tena. Makofi, pa pa pa pa!

"Piga ngoma, Karani," Ngiri akaamuru. Korongo akapiga. Ndu! Ndu! Ndu! Imeamuliwa.

Bi Nguchiro akafuta machozi. Mara hiyo hiyo. Yakakauka kama hayakuwapo.

"Ahsante, Mheshimiwa. Sasa, Karani, andika jina la aliyemo ndani."

"Ngiri," Korongo akasema, akitafuta kalamu.

"Ngiri yupi? Mume yule juu ya Jiwe. Mke yule kwenye mlolongo, kapendeza. Watoto wanne wale, wanachezea mkia wa Nyumbu. Nani amebaki ndani?"

Shingo zote zikageuka. Kule kwenye kichuguu, mlangoni, kikatokeza kichwa kimoja kidogo. Kikatokeza cha pili. Cha tatu, cha nne, cha tano, na juu yao kitinda mimba na mkia wake ulionyonyoka.

"Tumo ndani, mama!" wakaita kwa pamoja.

"Mtume!" akasema Korongo, na kalamu ikamdondoka.

Ngiri akashuka Jiwe, mkia juu, tutututututu, vumbi nyuma, mpaka kwenye kichuguu. Akafanya alivyozoea, akageuka, akatanguliza makalio. Rudi, rudi, rudi.

Kacha!

"Woooi!"

Kacha! Kacha! Midomo sita yenye meno kama sindano ilikuwa inamngoja gizani. Ngiri akaruka, akajaribu tena, rudi, rudi, kacha! Uwanja mzima unatazama. Mkewe akaita, "Baba watoto, ingia na kichwa!" Lakini mnyama hajifunzi kuingia nyumbani mbele ya umati kwa siku moja. Akarudi mpaka kwenye Jiwe akichechemea.

"Hukumu ile batili!" akapiga kelele. "Haifai! Hakimu alikuwa mhusika katika kesi!"

"Hakimu nani?" akauliza Bi Nguchiro.

"Mimi!"

"Ndicho nilichotaka kusema tangu mwanzo," Bi Nungunungu akasema kwa sauti yake ile ya chini.

Korongo alikuwa amesimama kwa miguu yote miwili, jambo lisilo la kawaida. Akakohoa. "Ngiri, utaratibu uko wazi. Ukilitunza neno lako, nyumba ni ya waliomo ndani. Ukilimeza, hulikalii Jiwe tena maisha yako. Chagua."

Ngiri akatazama Jiwe. Akatazama kichuguu. Tone la kwanza la mvua likamwangukia puani.

"Nalimeza!" akasema. "Nalimeza! Nirudishieni nyumba!"

"Umelimeza, basi Jiwe huna," Korongo akasema. "Na nyumba nayo ina kesi, tena umekiri mwenyewe kwamba wewe ni mhusika. Ataisikiliza hakimu mpya."

"Hakimu mpya nani?"

Kwale alikuwa ameshasimama nyuma ya Bi Nungunungu. Panya naye. Swala akafuata, akijifuta macho, huyo analia kwa lolote. Nyumbu kuona mlolongo unaanza upande ule, wakaenda wote mbio. Mmoja wao akapita karibu na Bi Nguchiro akinung'unika, "Lakini alikuwa anapiga magoti vizuri."

Bi Nguchiro akamwacha apite. Alikuwa amechoka.

Kesho yake asubuhi akafika mbele ya hakimu mpya akitembea kwa maringo. "Tumo ndani, Mheshimiwa. Kesi imekwisha."

"Kuwa ndani si ushahidi, Bi Nguchiro."

"Eti nini?"

"Ngiri naye alikuwa ndani miezi mitatu. Ilikuwa yake?"

"Hapana! Lakini..."

"Basi lete mashahidi. Watoto wasihamishwe kwenye mvua, wabaki humo mpaka nitakapoamua."

Siku tatu! Siku tatu nzima, mvua inanyesha, Bi Nungunungu anauliza. Hondohondo akaitwa. Mchwa wakaitwa. Ngiri akapewa nafasi ya kusema, naye akasema mpaka jua likazama. Hakimu akaenda mwenyewe kwenye kichuguu, akapapasa kuta za vyumba vyote vinne, akakuta alama za kucha ndogo kutoka mlangoni hadi mwisho. Bi Nguchiro alikuwa nje anatembea huku na huku, akisema peke yake, "Hata kuta anazipapasa! Haki gani hii isiyo na haraka?"

Siku ya tatu ngoma ikapigwa. Nyumba ni ya Bi Nguchiro aliyeichimba. Ngiri akatafute shimo lake mwenyewe, asiingie la mtu.

"Na wewe, Bi Nguchiro," hakimu akaongeza, "umelichezea Jiwe la Haki. Utafagia uwanja wake siku saba."

"Mimi? Mimi niliyeonewa? Mimi niliyelala kwenye miiba?"

"Siku saba."

Akafagia. Alifagia kila siku huku akilalamika, na wapita njia wote walimsikia: Nyumbu hawana akili, Korongo ana utaratibu badala ya ubongo, na huyu hakimu mpya hana huruma hata na shoga yake. Akifika hapo kwa hakimu ufagio ulisimama kidogo, akafikiri, kisha akaendelea kufagia. Jioni alirudi nyumbani kwake, akaingia kwa kichwa, akawakuta watoto wake sita wamelala, wakavu, na mvua inanyesha juu ya paa.

Nami hadithi yangu nimeiweka chini, atakayeiokota asiipunguze. Lakini chukueni hili mwende nalo: anayetaka kuwa hakimu usimuulize amesimama mahakamani mara ngapi, muulize alisimama upande gani.